Dodoso la ACE: linapima vyema mzigo wa jamii, halifai kumhukumu mtoto mmoja

Dodoso la ACE, linalohusu matukio mabaya ya utotoni, lina maswali kumi tu, na mtu mzima hulijaza kwa dakika chache. Anaulizwa kama kabla ya kutimiza miaka 18 alipigwa, alitukanwa na kudhalilishwa, alitendewa ukatili wa kingono, alinyimwa upendo au matunzo, mama yake alipigwa nyumbani, wazazi wake walitengana, au aliishi na mlevi, mgonjwa wa akili au mtu aliyefungwa jela. Kila jibu la ndiyo ni alama moja. Nimelipitia pamoja na utafiti uliolizaa na tafiti zilizolipima baadaye, na kwa maoni yangu ni chombo bora kwa kazi moja na kibaya kwa kazi nyingine, ambayo kwa masikitiko ndiyo inayozidi kupendwa.

Ubora wake umo katika asili yake. Miaka ya 1980 daktari Vincent Felitti, aliyesimamia kliniki ya kupunguza uzito huko San Diego nchini Marekani, aliona wagonjwa wakiacha matibabu ilhali uzito wao unapungua vizuri, na alipowahoji akagundua kuwa wengi walikuwa wametendewa ukatili wa kingono utotoni. Alishirikiana na Robert Anda wa CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, kuwauliza wateja wa kawaida wa huduma ya afya ya Kaiser Permanente. Ripoti ya kwanza, yenye makundi saba ya matukio badala ya kumi ya leo, ilitoka mwaka 1998, na hatimaye washiriki walizidi 17,000. Zaidi ya nusu walikuwa wamepitia angalau tukio moja. Waliopitia manne au zaidi, wakilinganishwa na wasiopitia lolote, walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa mara 4 hadi 12 ya kupata ulevi, kutumia dawa za kulevya, kuugua sonona na kujaribu kujiua. Washiriki hao walikuwa na bima ya afya, wengi walikuwa wamesoma, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 56. Haikuwezekana tena kudai kwamba ukatili ni shida ya familia chache zilizovurugika, na anayepanga bajeti ya afya alipata sababu ya kumkumbuka mtoto anapokokotoa gharama za magonjwa ya watu wazima. Kwa kazi hiyo ya kuonyesha ukubwa wa tatizo, sina la kulipunguzia.

Shida huanza pale alama inapobandikwa mtu mmoja. Mtoto ambaye wazazi wake walitengana kwa maelewano hupata alama moja, na mtoto aliyebakwa na ndugu kwa miaka mingi hupata alama moja vilevile. Dodoso haliulizi ukatili ulianza mtoto akiwa na umri gani, ulidumu muda gani, wala kama palikuwa na bibi, mwalimu au jirani aliyemsitiri. Anda mwenyewe na wenzake waliandika mwaka 2020 kuonya kwamba alama hii haikutengenezwa kwa ajili ya kupima hatari ya mtu binafsi. Mwaka uliofuata, watafiti waliotumia kumbukumbu za watoto waliofuatiliwa kwa miaka mingi nchini New Zealand na Uingereza walionyesha kwamba alama hutofautisha makundi vizuri, lakini hubahatisha mno inapotumiwa kubashiri nani hasa ataugua. Mzazi aliyepata alama sita asiambiwe kwamba atawaumiza wanawe, na mtoto aliyepata sifuri asiachwe kwa kudhaniwa kuwa salama. Kufanya hivyo ni kumwongezea mtu jeraha juu ya jeraha, na kunatendeka kwa jina la sayansi.

Kumbukumbu za mtu mzima kuhusu utoto wake nazo zina mipaka. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watu ambao ukatili dhidi yao ulirekodiwa walipokuwa watoto hawakuutaja walipoulizwa ukubwani.

Kwa mwenye nia ya kuzuia ukatili usitokee, pengo kubwa zaidi ni kwamba dodoso halituambii vya kutosha nani alitenda, wapi, na kama mtoto alipata wa kumweleza. Hapo ninauona ubora wa utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, VACS, ulioanzia Eswatini mwaka 2007 na kufanyika Tanzania mwaka 2009. Huwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24 faraghani, huuliza mhusika na mahali, na huandaa mapema utaratibu wa kumfikisha kwenye huduma anayehitaji msaada. Nchini Tanzania ulibaini kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Ukijua pia kwamba tukio lilitokea njiani kwenda shule au nyumbani kwa jirani, unajua pa kuanzia. Jumla ya alama haiwezi kukuambia hilo.

Anayelihitaji dodoso la aina hii kwa utafiti achukue toleo la Shirika la Afya Duniani, ACE-IQ, ambalo huongeza uonevu wa rika, vurugu za mtaani na vita, na huuliza tukio lilijirudia kiasi gani. Ni la watu wenye miaka 18 na kuendelea. Kliniki isiyo na mshauri nasaha, wala afisa ustawi wa jamii wa kumpokea anayejibu ndiyo, isiyaulize maswali haya mpaka iwe naye.