Kibanda cha jezi za zamani, soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Mimi ni shabiki wa Lupopo, bluu na njano toka tumboni, kwa hiyo kumsifu muuzaji mwenye damu ya Mazembe, wapinzani wetu wa mji huuhuu, kunaniuma kidogo. Lakini haki yake apewe.

Kibanda hakina kibao. Ulizia tu kwa Papa wa jezi, karibu na uwanja wa Kibassa Maliba. Zile jezi za Mazembe, nyeusi na nyeupe, zinazoning'inia mbele ni mpya, za kuigiza, na mwenyewe anakuambia hivyo kabla hujauliza. Mali iko nyuma, ndani ya kantini, sanduku la bati.

Nilimkuta kijana ameshika jezi yenye jina la Samatta, amesikia kwamba ilivaliwa Abu Dhabi kwenye fainali ya Kombe la Dunia la Klabu na Inter. "Mwanangu," Papa akamwambia, "Abu Dhabi ni Desemba 2010. Samatta alikuja kwetu 2011. Hiyo ni nguo, lipa bei ya nguo." Mfanyabiashara mwingine angenyamaza akapokea dola.

Nikamwonyesha kwenye simu tiketi niliyotumiwa na mtu wa WhatsApp, eti ya siku Mazembe walipoifunga Espérance ya Tunisia 5-0 kwenye fainali ya klabu bingwa Afrika, 2010. Imeandikwa uwanja wa Kamalondo. Papa akacheka mpaka akakaa. Mechi ile ilichezwa hapahapa mtaani Kenya, Kibassa Maliba. Uwanja mpya wa Mazembe, ule wa Kamalondo, ulifunguliwa mwaka uliofuata.

Ana glavu pia, watu husema ni za Kidiaba, kipa wa Mazembe wa enzi zile. Hauzi. Hana wa kumthibitishia, basi zinakaa.

Nilichonunua ni jezi ya Lupopo, rangi imepauka, namba mgongoni imeshonwa kwa uzi, si ya kubandika, na kwapani kuna kiraka cha mkono. Papa alipiga simu mbele yangu kwa familia iliyomuuzia, nikaongea na mama aliyeweka kile kiraka. Akanieleza mumewe aliichania wapi. Kwangu mimi, bila simu ile ningekuwa nimenunua tambara. Saini ya kalamu mtu yeyote anaweza kuichora usiku. Mama yule hawezi kughushiwa.

Kasoro zipo. Picha za Englebert, jina la zamani la Mazembe, wale mabingwa wa Afrika wa 1967 na 1968, amezifunga ndani ya plastiki, na masika yakishika zinagandana. Moja ina majina ya wachezaji wote nyuma yake, kwa kalamu, na pembe tayari imeota ukungu. Nilimwambia azitie bahasha za karatasi, akaitikia "ndiyo, ndiyo" ya kunifukuza. Vitu vya Lupopo ni vichache mno, na bei zake hazina mpangilio: siku Mazembe wameshinda anapunguza, wakifungwa usimsogelee.

Risiti hatoi. Leta dola safi, maana noti yenye mchaniko hata wa ukucha anakurudishia, yeye aliyeniuzia kiraka.