TAHADHARI: Fremu "ya vipimo vyako" niliyolipia ilikuwa ya kiwandani, imesagwa namba na kupuliziwa rangi upya

Wapenda baiskeli wenzangu, kama uko katikati ya mazungumzo na mtu anayekuahidi fremu ya baiskeli ya mbio itakayotengenezwa kwa vipimo vya mwili wako, na ameshaanza kukuhimiza umalizie malipo ilhali mchoro hujauona, zuia hela yako kwanza. Mimi nimeshapigwa. Nililipia fremu ya kuagiza, nikaletewa fremu ya kiwandani iliyosagwa namba ya kiwanda, ikapigwa puti (ile lahamu ya kuzibia mashimo kabla ya rangi) na kupakwa rangi niliyoichagua mwenyewe. Kibaya zaidi, ina kiungo kibovu mahali ambapo kikiachia, mwendeshaji anatangulia kwa uso.

Jina lake silitaji hapa kwa sababu malalamiko yangu yako benki na polisi, na sitaki kuyaharibu. Mbinu zake nitazieleza zote. Jina anaweza kulibadilisha leo hii jioni akaendelea na kazi ileile.

Niseme kidogo kwa nini nilikuwa rahisi kunaswa. Nina miguu mirefu na kiwiliwili kifupi. Fremu ya dukani inayonitosha kwa kimo cha kiti huwa ndefu mno kuelekea mbele, kwa hiyo miaka yote nimeendesha nikiwa nimejivuta, nimefunga shingo fupi ya usukani ya milimita 80, na bado vidole vinakufa ganzi baada ya saa mbili. Ndoto yangu ilikuwa fremu moja tu ya chuma chepesi, yenye bomba la juu la milimita 535, iliyounganishwa kwa viungio na shaba iliyoyeyushwa kama zile za zamani. Nilidunduliza miaka sita. Mtu aliyesubiri kitu miaka sita akikutana na anayesema "nitakutengenezea hichohicho", masikio yanasikia kile moyo unachotaka.

Alianza vizuri. Siku ya kwanza akaomba vipimo: urefu wa mguu kwa ndani, mkono, kiwiliwili, upana wa mabega. Nikapimwa, nikamtumia. Akanijibu kwa picha nzuri ya baiskeli iliyochorwa kwa kompyuta, na rangi niliyoitaka, hadi jina langu kwenye bomba la juu. Nikadhani huo ndio mchoro. Hapo ndipo nilipokosea, na ndipo ninapotaka ninyi msikosee. Ile ilikuwa picha ya rangi. Mchoro wa fremu una namba: urefu wa kila bomba, pembe ya bomba la kiti, pembe ya bomba la kichwa, mteremko wa ekseli ya pedali chini ya mstari wa ekseli za magurudumu, urefu wa mabomba ya nyuma, mpindo wa foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Mtu anayekata mabomba kweli hawezi kuanza kazi bila namba hizo, kwa sababu msumeno hauelewi rangi. Nilipoziomba alisema ni "siri ya karakana". Hiyo si siri ya karakana yoyote. Ni fremu yangu na mwili wangu.

Tena nikikumbuka maswali ambayo hakuniuliza, ninaumia. Hakuuliza kiti changu cha sasa kiko juu kiasi gani, na kimerudi nyuma ya ekseli ya pedali kwa kiasi gani. Hakuuliza ninafikaje kwenye breki, wala kama nimewahi kuumia mgongo, wala naweza kuinama hadi wapi. Hata tairi hakuuliza, kama ni za milimita 25 au 32, na hicho peke yake kinabadilisha mabomba ya nyuma, foki na aina ya breki. Vipimo vya mwili pekee havitoshi kutengeneza fremu. Watu wawili wenye miguu sawa wanaweza kuhitaji fremu mbili tofauti kabisa.

Kuhusu malipo, niwe mkweli kwa mafundi waaminifu: arbuni ni jambo la kawaida katika kazi hii, na foleni ya miezi mingi pia ni kawaida. Kwa hiyo hakuna kosa mtu akikuomba arbuni au akikuambia usubiri. Kosa lilikuwa kwingine. Nililipa theluthi kwa kadi. Wiki chache baadaye akanipa punguzo kama nikimaliza yote mara moja, safari hii kwa kuhamishia akaunti binafsi yenye jina ambalo sikuwahi kulisikia. Nikahamisha. Baada ya hapo zikaanza kalenda: mabomba yamechelewa, kisha fundi wa rangi ni mgonjwa, kisha mtoto wake ni mgonjwa. Kila nikiuliza ananiambia subira yavuta heri. Baadaye benki ndio walionifungua macho: haki ya kupinga malipo ya kadi ina mwisho wake. Kila wiki niliyombembeleza ilikuwa inanisogeza karibu na mwisho huo.

Katikati ya kungoja alinitumia picha za "maendeleo". Nilizifurahia, nikawaonyesha watu. Nimezitazama tena sasa kwa utulivu. Katika mojawapo, sikio la kufungia kibadilisha gia cha nyuma liko kushoto. Kwenye baiskeli mnyororo uko kulia, na sikio hilo liko kulia. Maana yake picha ilikuwa ya mtu mwingine, akaigeuza kama kwenye kioo ili isipatikane kirahisi mtu akiitafuta. Niliirudisha upande wake nikaitafuta mtandaoni, nikaikuta kwa fundi mwingine kabisa, ikiwa na miaka kadhaa. Tafadhali, ukitumiwa picha, angalia upande wa gia, halafu uzitafute picha hizo pande zote mbili.

Fremu ikafika. Rangi ilikuwa safi kweli, lazima niseme. Stika ya Reynolds, watengenezaji wa mabomba ya fremu, ilikuwa mahali pake. Kampuni hiyo ndiyo iliyoleta bomba za chuma za aina ya 531 mwaka 1935, na kwa mpenda chuma jina hilo lina uzito wake. Lakini stika haithibitishi chochote, stika huchapwa. Kinachothibitisha ni chuma chenyewe. Bomba nzuri za fremu huwa nene miishoni, penye kiungo, na nyembamba katikati, kwa mfano milimita 0.8 miishoni na 0.5 katikati. Unene huo wa ndani huwezi kuuona, ila kuna mlango mmoja wa kuuchungulia: tundu la nguzo ya kiti. Bomba la kiti la kawaida la chuma lina kipenyo cha nje cha milimita 28.6. Likiwa jembamba, nguzo inayoingia ni ya 27.2. Kadiri bomba linavyokuwa nene, ndivyo nguzo inavyolazimika kuwa ndogo. Ya 27.2 haikuingia. Ya 26.8 haikuingia. Iliyoingia ni ya 26.0. Nilikaa chini sakafuni na ile nguzo mkononi, nikijua kabisa nimeletewa nini. Mizani ikamalizia: fremu tupu kilo 2.6, wakati tulikubaliana isizidi 1.9.

Bomba la juu nililipima mara tatu. Milimita 560. Sentimita mbili na nusu zaidi ya nilivyoagiza, yaani urefu uleule uliokuwa ukinitesa.

Rafiki yangu ambaye ni fundi akaja na uzi. Kipimo hiki mnaweza kukifanya wenyewe nyumbani, hakihitaji chochote: funga uzi kwenye bano moja la nyuma linalokaa ekseli, uzungushe mbele ya bomba la kichwa, uurudishe hadi bano la upande wa pili, uukaze. Kisha pima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Ukiwa sawa pande zote, fremu imenyooka. Yangu ilitofautiana kwa milimita 5. Halafu akachukua sumaku ndogo akaipitisha polepole kwenye kila kiungo. Chuma kinaishika sumaku. Puti haishiki. Ilipofika chini ya kiungo cha bomba la kichwa na bomba la chini, ikadondoka.

Tukakwangua rangi. Chini yake puti, chini ya puti pengo ambalo shaba haikufika, karibu robo ya mzunguko wa bomba. Kiungo hicho hubeba mzigo mkubwa kila unapokamata breki ya mbele. Kikiachia kwenye mteremko, gurudumu linakunjikia chini yako. Tukaondoa rangi chini ya ganda la ekseli ya pedali vilevile, na hapo ndipo tulipokuta namba ya kiwanda iliyosagwa nusunusu, tarakimu mbili za mwisho bado zinasomeka. Fremu iliyotengenezwa kwa ajili yangu isingekuwa na sababu ya kusagwa namba.

Hela inauma, lakini kinachonikosesha usingizi ni kwamba nilikuwa nimepanga kuipanda Jumamosi ile ile ilipofika. Magurudumu yalikuwa tayari. Kama nguzo ya 27.2 ingeingia kwa bahati, ningekuwa nimeshuka nayo mlima.

Kwa hiyo, yeyote aliyewahi kupokea fremu ya "vipimo vyako" kutoka kwa mtu mwenye dalili hizi, usiipande kabla ya kupitisha sumaku kwenye viungo vyote, hasa viwili vya bomba la kichwa. Kama fremu ni ya alumini au kaboni sumaku haitakusaidia. Mpelekee fundi aikague kwa macho na kwa kuigonga. Na kama bado hujalipa, dai mchoro wenye namba uliosainiwa na ninyi wawili, kisha omba simu ya video, akuonyeshe mabomba yako yakiwa mezani na venia (kifaa cha kupimia unene) ikisoma unene kwenye mwisho wa bomba kabla halijaunganishwa. Fundi wa kweli anapenda kuonyesha hivyo. Nimeshaongea na wawili tangu yanikute haya, na wote walitaka kuzungumza kuhusu pembe na mabomba kuliko nilivyoweza kusikiliza. Mmoja alikataa kupokea arbuni hadi niende nikapimwe nikiwa juu ya baiskeli yangu ya sasa.

Benki imenirudishia ile theluthi iliyopita kwenye kadi, kwa sababu nilibaki na siku chache. Kilichosaidia ni ujumbe wa maandishi unaotaja 535, na picha ya futi ikionyesha 560. Ile iliyohamishwa moja kwa moja kwenye akaunti bado haijarudi, na wameniambia nisiweke matumaini. Fremu sijaitupa wala siiuzi, maana nikiiuza itakuja kumuua mtu mwingine. Imehifadhiwa ikiwa imekwanguliwa hivyohivyo, kama ushahidi.

Kama yako nayo ina namba iliyosagwa chini ya ganda la pedali na rangi nzito mno kwenye kiungo cha chini cha kichwa, niandikie. Tarakimu zilizobaki kwenye yangu ni 4 na 7. Tukipata kadhaa zenye mfuatano, polisi watakuwa na cha kushika.