Mafundi wa chokaa: tathmini ya ukarabati wa nyumba yetu Mji Mkongwe

Nyumba tuliyoachiwa na babu iko Mji Mkongwe wa Zanzibar na, kama nyingi za mtaa wetu, imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo, dari zake zikibebwa na boriti za mikoko. Mwaka 2000 mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na tangu hapo wageni hutupongeza kana kwamba tumetunukiwa kitu. Anayelipa mafundi ndiye anayeyajua masharti yake, kwa sababu ukarabati hauanzi bila kibali cha mamlaka inayohifadhi mji, na si kila kinachouzwa dukani kinafaa kutiwa katika nyumba hizi.

Ninaowatathmini hapa ni mafundi wanne wasio na kampuni wala kibao, ambao hupatikana kwa kuuliziwa mitaani. Tuliwatafuta baada ya kuharibiwa. Miaka sita iliyopita mkandarasi mmoja alitupigia lipu ya saruji ukuta mzima wa chini, ukapendeza kwa masika mawili. Tumbawe hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi yake, na lipu ya chokaa huyaacha maji hayo yatoke taratibu. Saruji huyazuia, yakapanda juu zaidi, na chumvi ikaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Masika ya tatu lipu yetu ilianza kuanguka vipande vipande, kila kimoja kikiondoka na uso wa jiwe, na unyevu ulikwishafika kwenye vichwa vya boriti.

Siku ya kwanza mafundi hawa hawakushika mwiko. Walizunguka vyumba wakigonga kuta kwa mpini wa nyundo na kusikiliza mahali panapolia utupu, kisha wakabandua saruji kwa patasi, polepole, wakauacha ukuta wazi wiki tano ukauke. Muda huo chokaa ilikuwa imelowekwa katika shimo uani. Lipu waliipiga kwa matabaka matatu membamba, na kila tabaka lilirushiwa maji asubuhi na jioni na kufunikwa kwa magunia mabichi, kwa kuwa chokaa ikikauka kwa haraka hupasuka. Mama mkubwa, anayelala chumba cha chini, alilalamika kwamba tunawalipa watu wanne kumwagilia ukuta. Hakukosea sana, na fedha hiyo ndiyo ninayoijutia kidogo kuliko zote.

Kwenye boriti ndipo walipoonesha ujuzi wao. Vyumba vyetu vina upana wa mita tatu hivi, kwa sababu mti wa mkoko hauvuki nafasi kubwa zaidi ya hapo bila kulemewa. Boriti mbili zilikuwa zimeoza vichwa, nami nikapendekeza tuweke vyuma. Fundi mkuu alikataa, akaeleza kwamba chuma hushika kutu kwa hewa ya bahari, na kikivimba ndani ya ukuta hulipasua jiwe. Alipachika boriti mpya ubavuni mwa zile za zamani bila kuibomoa dari. Kuzipata zenye unene unaofaa kulituchelewesha, maana ukataji wa mikoko una udhibiti, lakini sikubishana naye. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la hapa Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na tangu siku hiyo hakuna mtu mtaani kwetu anayeutazama ufa kwa macho ya zamani.

Kasoro zipo. Walituahidi miezi miwili, wakamaliza kwa minne na nusu. Hawaandiki mkataba wala kutoa risiti, jambo linaloleta ugomvi katika nyumba yenye warithi kumi na mmoja, wengine wao wakiwa Muscat, ambao kila mmoja anataka kujua mchango wake umekwenda wapi. Ilinibidi ninunue daftari na kumwomba fundi mkuu atie saini kila Alhamisi. Seremala waliyemleta ni dhaifu, kwani mbao za madirisha alizitumia kabla hazijakauka, na leo mawili hayafungi. Kwa lipu walitutoza karibu mara mbili ya bei ya saruji kwa kila mita ya mraba, bei ninayoiona halali kwa kazi niliyoiona.

Masika mawili yamepita na ukuta wa chini ni mkavu, isipokuwa pembe moja ambapo mfereji wa paa la mabati unavuja. Mafundi hao hao wamekubali kurudi kuurekebisha kabla ya mvua zijazo. Madirisha nimempa seremala mwingine.