Darubini ya bunduki ya .22: nimenunua mara mbili, ya pili ndiyo imenikaa

Bunduki yenyewe aliiacha marehemu baba. Ni BRNO Model 2 ya .22, yaani ya risasi ndogo zenye upana wa kama inchi 0.22, imetengenezwa Chekoslovakia wakati nchi ile ikiwa bado moja. Kuhamishia leseni jina langu kulinichukua miezi, lakini kulikamilika, na kila mwisho wa mwezi naibeba kwenda uwanja wa shabaha nje kidogo ya jiji. Nilipogonga miaka 47 macho yakaanza kunigomea. Ulengeo wa kawaida unalitaka jicho lishughulike na vitu vitatu kwa mpigo: alama ya nyuma, nundu ya mbele na karatasi ya shabaha. Nikiiona nundu vizuri, karatasi inakuwa ukungu. Darubini inaviweka vyote mahali pamoja, jicho linapumzika. Sikutaka bunduki ya mzee ikae kabatini kwa sababu ya miwani.

Ya kwanza niliinunua kwa pupa. Ilikuwa haina jina la maana, imeandikwa 4-16x50, yaani inakuza mara 4 hadi 16 na lenzi ya mbele ina milimita 50, shilingi laki moja na sabini pamoja na pete zake za kuifungia kwenye bunduki. Niliona namba 16 nikajua nimepata. Pale uwanjani mzee mmoja anayesimamia mstari wa kupigia aliitazama, akaniuliza, "Mwanangu, unapiga mita ngapi?" Nikamjibu, "Hamsini, mzee." Akatikisa kichwa, akaniachia nijionee mwenyewe.

Nikaona. Ukiigawa lenzi ya mbele kwa ukuzaji unapata upana wa mwanga unaotoka nyuma kuja jichoni. Hamsini kwa kumi na sita ni milimita 3 tu na kidogo. Kichwa kikiyumba kidogo, picha inaingia giza. Nilikuwa nakaza shingo kulitafuta tundu la mwanga, na baada ya risasi ishirini kichwa kinauma. Tena darubini zilizotengenezwa kwa bunduki kubwa huwa zimerekebishwa kwa umbali wa yadi 100 au zaidi. Kwa mita 50, ukisogeza jicho pembeni msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini nao unahama juu ya karatasi ingawa bunduki haijagusika. Hiyo ndiyo paralaksi. Kwa lenzi pana kama ile inaweza kukupotezea hata sentimita moja, na kwenye .22 sentimita moja ni nyingi sana. Ukitaka kuhakikisha, laza bunduki tupu juu ya mifuko ya mchanga, usiiguse, chungulia huku ukipandisha na kushusha kichwa. Msalaba ukicheza, umeshajua.

Halafu pete. Nilizopewa zilikuwa za reli pana, ile ya Weaver, wakati BRNO ina mfereji mwembamba wa milimita 11 uliochongwa juu ya chuma chenyewe. Muuzaji akanipa kipande cha kuunganishia katikati. Darubini ikapanda juu kama mnara, shavu likabaki hewani, nikawa nalenga kwa kidevu. Mwezi wa pili ukungu ukaingia ndani ya lenzi. Jua la Dar pamoja na kiyoyozi cha gari vilimaliza kazi.

Safari hii nilienda duka la silaha lenye leseni mjini, nikaenda na vitambulisho vyangu na maswali yangu kwenye karatasi. Nilichukua Hawke Vantage 2-7x32 AO. Bei ilikuwa laki tatu na themanini, na pete fupi za milimita 11 nikaongeza elfu sitini. Kwa mfuko wangu si kidogo, ila ningeanza nayo ningeokoa ile laki na sabini.

Namba ndogo zisikutishe. Kwenye ukuzaji wa 4, thelathini na mbili kwa nne ni milimita 8, yaani mwanga ni mpana kuliko mboni ya jicho langu mchana. Unaweka shavu, picha iko pale. Hata kwenye 7 bado unapata zaidi ya milimita 4. Nafasi ya jicho, yaani umbali wa jicho na kioo cha nyuma, ni kama sentimita 9, inatosha kwa sisi wa miwani, na .22 haina teke la kuogopa. Ile AO ni pete ya kuzungusha mbele ya darubini inayokuwezesha kurekebisha kwa umbali unaopiga, paralaksi inaisha. Kwa bunduki ya .22 hicho ndicho kitu ambacho ningekubali kukilipia hata kama ukuzaji ungekuwa 4 peke yake. Ndani imejazwa naitrojeni. Nikishuka kwenye gari lenye kiyoyozi kioo cha nje bado kinapata umande, nasubiri dakika kumi unakauka, lakini ndani haijawahi kuingia kitu.

Kufunga nilifunga mwenyewe, nyumbani Tabata, mlango umefungwa na watoto wako shule. Kwanza bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, nje; chemba, pale risasi inapokaa, naitazama kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Hapo sina mjadala na mtu. Mfereji nikaufuta kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe, maana mafuta ya miaka ya baba yalikuwa bado yamo.

Kuna mambo mawili ya BRNO ambayo hayakuandikwa kwenye boksi. Kipini cha bolti kinapanda juu sana unapokifungua, kwa hiyo pete zikiwa fupi kupita kiasi kinagonga kioo cha nyuma cha darubini. Na juu ya mtutu kuna ule ulengeo wa zamani, nao unaweza kugusana na lenzi ya mbele. Nililaza darubini kwenye pete bila kukaza, nikarudisha bolti tupu, nikaifungua na kuifunga polepole huku nachungulia pembeni. Ilipita, nafasi ya karatasi mbili tatu hivi. Lenzi ya 50 isingepita hata kidogo bila pete ndefu.

Nafasi ya jicho usiitafute macho yakiwa wazi. Nilifumba macho, nikaegemeza bunduki kama ninavyopiga kweli, shavu likatulia, ndipo nikafumbua. Kukiwa na kivuli pembeni nasogeza darubini mbele au nyuma, nafumba tena. Nilirudia mara sita, miwani usoni. Kisha nikapima na shati zito, kwa sababu bega huongezeka.

Msalaba kusimama wima nilisaidiwa na jirani yangu fundi muashi aliyeniazima timazi. Nikaitundika mwisho wa ua wa nyumba kwenye ukuta, nikachungulia, nikazungusha darubini taratibu mpaka mstari wa wima ukalala juu ya uzi wote. Skrubu nikazikaza kidogo kidogo kwa mshazari, huku na huku, nikishika kispana kwa vidole viwili tu. Ukikaza kwa hasira unabonyeza bomba, na bomba la aluminiamu likibonyea halirudi.

Bado kitako kilikuwa chini. Kilichongwa kwa ajili ya ulengeo wa chuma. Nilinunua kipande cha sponji ngumu, nikakikata, nikampelekea fundi viatu Buguruni anishonee mfuko wa ngozi wenye kamba za kufungia kwenye kitako. Elfu kumi na mbili. Sponji ya unene wa sentimita mbili ilizidi, nikapunguza mpaka moja na nusu. Sasa shavu likigusa ngozi, jicho liko katikati ya kioo bila kutafuta. Fedha zote nilizotumia, hizo elfu kumi na mbili ndizo zilizonipa raha zaidi.

Uwanjani nilianza mita 25. Kabla ya risasi yoyote nilitoa bolti, nikachungulia ndani ya mtutu mpaka karatasi ikakaa katikati ya tundu, nikasogeza msalaba uje pale pale. Risasi ya kwanza ikagusa karatasi. Hapo nikakosea hesabu. Kila kliki ya kitufe cha kurekebishia darubini hii ni robo ya dakika moja ya nyuzi, kipimo kidogo cha pembe, karibu milimita 7 kwa mita 100. Nilikuwa chini kwa sentimita 4, nikazungusha kliki sita, nikashangaa imesogea kidogo tu. Kwa mita 25 kliki moja ni kama milimita 1.8 tu, nilihitaji zaidi ya ishirini. Yule mzee ndiye aliyenirekebisha. Nikahamia mita 50, ambako kliki ni karibu milimita 3.6, na kwa risasi zisizozidi kasi ya sauti nikamalizia pale. Sasa tano zangu kwa mita 50, nikiwa nimeegemea mfuko, sarafu ya shilingi mia tano inakaribia kuzifunika zote. Mita 100 ni habari nyingine, risasi inashuka kama sentimita 20 na upepo wa baharini unaisukuma.

Malalamiko ninayo mawili. Pete ya AO ilikuwa ngumu mwanzoni, unaizungusha bunduki nzima inageuka, imelegea baada ya wiki chache. Namba zake pia ni ndogo kwa macho yangu, nikaweka nukta ya rangi nyeupe pale kwenye 50. Skrubu nazo nimezichora mstari wa rangi ya kucha ya mke wangu, nusu kwenye skrubu na nusu kwenye pete, ili nione zikilegea. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma, kwa hiyo nikirudi nafuta vichwa vyake kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Nimeshapiga zaidi ya risasi mia nne, mistari haijaachana.