Bill Withers, mwimbaji wa soul wa Marekani: uanze na albamu yake ipi?
Kwa utulivu, Just As I Am ya mwaka 1971 haina mpinzani: gitaa, sauti yake, na yale maneno "I know" (najua) akiyarudia mara 26 katika wimbo Ain't No Sunshine. Jaladani amesimama kazini na kisanduku chake cha chakula, fundi wa kiwandani bado.

Lakini ukitaka kumjua mtu mwenyewe, ile ya Carnegie Hall, iliyorekodiwa jukwaani katika ukumbi huo wa New York Oktoba 1972, inanigusa zaidi. Kabla ya Grandma's Hands, wimbo kuhusu bibi yake, anasimulia habari zake kwanza, ukumbi unacheka, ndipo anaimba. Humo pia umo wimbo wa askari wa Marekani aliyepoteza mkono wa kulia katika vita vya Vietnam.

Ila ni ndefu, zaidi ya saa nzima. Usiku, peke yako, chukua ya kwanza. Mkiwa wengi nyumbani, weka ya pili.