Mkahawa wa Kigiriki Kisumu: mara nne mezani, na habari ya kisu kimoja

Nimekula mara nne katika mkahawa mmoja wa Kigiriki hapa Kisumu, mwendo mfupi kutoka barabara ya Oginga Odinga, na ninaandika kwa kirefu kwa sababu mara ya kwanza niliondoka pale nimeumia moyo, ilhali mara ya nne nilirudi kwa hiari yangu pamoja na shangazi yangu, ambaye ndiye aliyekosewa siku ile ya kwanza.

Ni mahali pa kula bila makuu. Unasoma ubao ulio juu ya kaunta, unaagiza, unalipa kwa simu, unapewa namba, kisha mhudumu anakuletea chakula mezani. Nyuma ya kaunta kuna vyuma viwili vilivyosimama wima, kila kimoja kikizunguka polepole mbele ya moto wa gesi huku kikiwa kimeshikilia nyama iliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Aliyewahi kula shawarma Mombasa atadhani ni kitu kilekile, na hatakosea sana, kwani gyros ya Wagiriki ina undugu na kebabu ya Kituruki inayochomwa kwa namna hiyohiyo, na jina lake lina maana ya mzunguko. Wagiriki wenyewe hutamka "yiros". Pale kaunta wanatamka kila mtu kivyake na wanaelewana.

Shangazi yangu anatoka Nyamira na ni Msabato tangu utotoni, kama walivyo wengi wa kwao. Nguruwe hali, hata mafuta yake hayaruhusu yaingie jikoni kwake, na sura ya 11 ya Mambo ya Walawi anaikariri bila kufungua kitabu. Alikuwa amekuja Kisumu kupimwa macho, nami nikataka ale kitu ambacho hajawahi kukionja. Ubao uliandikwa "gyros" tu, na mbele yake bei, shilingi 650. Nilimwuliza kijana wa kaunta kama wana ya kuku, akajibu, "Ndiyo, dada, kuku ipo," nikaagiza mbili. Kuku ilikuwepo kweli. Alichonyamazia ni kwamba chuma cha pili kilikuwa na nyama ya nguruwe.

Shangazi alikuwa ameuma mara mbili, tena amesifu mkate, niliponyanyuka kwenda kuchukua tishu pale kaunta. Hapo ndipo nilipomwona mpishi akikata nguruwe kwa kisu kirefu, vipande vyembamba vyenye kingo za kahawia vikidondoka kwenye sinia, kisha bila hata kukipangusa kisu akageukia kuku na kuendelea kukata. Mafuta yalikuwa yakimeremeta kwenye makali. Nilirudi nikamwambia shangazi nilichokiona, kwa sababu kumficha kungekuwa kumkosea mara ya pili. Hakupandisha sauti. Aliukunja mkate ndani ya karatasi yake, akausogeza katikati ya meza, akasema, "Mwanangu, niombee maji," kisha akaenda kusukutua kinywa.

Nilipolalamika, yule kijana alinijibu kwamba niliagiza kuku na ni kuku niliyopewa. Jibu hilo lilinichoma kuliko kosa lenyewe. Kwa bahati nzuri meneja alikuwa karibu, akasikia, akaja mezani mwenyewe, akamwomba shangazi radhi kwa kumwita mama na kwa kuinama kidogo kama inavyompasa kijana mbele ya mtu mzima, na fedha zote zikarudi kwenye simu yangu kabla hatujasimama. Hakuleta visingizio.

Sitaki mtu asome haya akadhani ninawalaumu kwa kupika nguruwe. Ugiriki kwenyewe nguruwe ndiyo nyama iliyozoeleka zaidi kwa gyros, na anayetaka kuonja chakula hicho kama kinavyoliwa Athens ana haki ya kuipata. Hata huku kwetu magharibi, kuanzia Kakamega hadi Busia, nguruwe huchomwa na kuuzwa waziwazi na wateja hawakosekani. Lakini Kisumu ni mji wa Waislamu, wa Wasabato na wa watu wengine wengi wenye miiko yao, na mtu anapouliza nyama aliyowekewa ni ipi, huwa hajali utamu peke yake. Mwuzaji anayejibu nusu ya swali amemwamulia mteja jambo ambalo si lake kuliamua.

Wiki tatu baadaye nilikwenda peke yangu, kwa kuwa meneja alikuwa amenipigia simu kunieleza walichobadilisha na nilitaka kujionea. Nilisimama kando ya kaunta kwa dakika kumi hivi. Visu sasa ni viwili, kimoja kimezungushiwa utepe mwekundu kwenye mpini na kingine mweupe, na kila chuma kina sinia lake, koleo lake na kibao chake cha kukatia. Kijana yuleyule alipomhudumia mama mmoja aliyevaa buibui, alimwambia kabla hajaulizwa kwamba chuma cha kushoto ni nguruwe, kwamba vifaa havichanganywi, ila nyama yao ya kuku haina cheti cha halali. Mama yule alishukuru na kuagiza vyakula visivyo na nyama. Nadhani mkahawa ulipoteza shilingi chache hapo, na ukapata mteja ambaye atarudi.

Sasa chakula chenyewe, maana ndicho kinachonirudisha. Mkate wa pita wanaupaka mafuta kidogo na kuupasha moto juu ya bamba la chuma hadi upate madoa ya kahawia, na ukiukunja haukatiki. Ndani yake huwekwa nyama, nyanya, vitunguu vibichi, chipsi chache, na mchuzi mweupe uitwao tzatziki. Huo mchuzi ndio ninaoupenda kuliko vyote. Ni mtindi mzito uliochujwa maji, matango yaliyokwaruzwa, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na siki. Mara ya kwanza ulikuwa chapwa, umechuruzika hadi karatasi ikalowa. Mara ya tatu ulisimama kwenye kijiko kama uji mzito. Nilipomsifu mpishi, aliniita nione: matango akishayakwaruza huyatia chumvi, huyaacha yatoe maji, kisha huyafunga katika kitambaa safi na kuyakamua kwa mikono miwili mpaka bakuli chini yake likapata karibu kikombe kizima cha maji ya kijani. Hapo awali, alisema, siku za wateja wengi walikuwa wakiiruka hatua hiyo.

Ukitaka kitu ambacho hakitakushangaza, agiza souvlaki, ambayo ni mishikaki isiyo na tofauti kubwa na ya kwetu isipokuwa imelazwa katika limau na majani makavu ya oregano. Ya kuku huchomwa kwenye jiko la makaa lililo mbali na vile vyuma viwili. Vipande ni vikubwa, na havikauki.

Saladi yao ya Kigiriki ni ya nyanya, matango, vitunguu na zeituni nyeusi, na juu yake bonge la jibini nyeupe. Kwenye ubao imeandikwa feta. Nilimwuliza mhudumu, na safari hii nilijibiwa ukweli wote: ni jibini ya maziwa ya ng'ombe iliyohifadhiwa katika maji ya chumvi. Katika Umoja wa Ulaya jina la feta limelindwa kisheria tangu 2002, na jibini hiyo hutakiwa kutoka Ugiriki, kwa maziwa ya kondoo, au ya kondoo yaliyochanganywa na ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30. Sheria hiyo haifiki Kisumu, na jibini ya ng'ombe waliyonayo ni nzuri, laini na si ya chumvi kali. Hata hivyo ningependa waandike "jibini nyeupe", kwani anayelipia saladi hiyo bei ya juu huenda anadhani amelipia kitu kingine.

Moussaka, ambayo ni biringanya na nyama ya kusaga zilizopangwa kwa tabaka na kufunikwa mchuzi mzito wa maziwa kisha kuokwa, nimeila mara moja. Ni tamu, biringanya hazikunywa mafuta kupita kiasi, lakini nilingoja dakika 40 bila mtu kuniambia nitangoja. Usiiagize ukiwa na saa moja tu ya chakula cha mchana.

Kuhusu bei, jihadharini. Ile 650 ya ubaoni si utakayolipa. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2 huongezwa kwenye bili, hivyo simu yangu ilionyesha 767 kwa kila mkate, na maelezo ya jambo hilo yamo kwenye mstari mmoja wa herufi ndogo pembeni mwa ubao. Kwa mtu aliyekuja na fedha kamili, mia moja na kumi na saba ni nauli ya kurudi nyumbani.

Mara ya nne ndiyo hii ya Jumapili iliyopita. Shangazi alikuwa amerudi kuchukua miwani yake, nami sikumshawishi, nilimweleza tu niliyoyaona na kumwachia aamue. Alitafakari, akasema twende. Alisimama mbele ya kaunta akiwa na miwani mipya, akavitazama vile visu viwili mpaka mpishi akamwonyesha kimoja kimoja na sinia lake. Kisha akachagua mishikaki ya kuku kutoka kwenye jiko la makaa, pamoja na bakuli dogo la tzatziki, ambayo aliifananisha na maziwa lala yaliyotiwa kachumbari. Alimaliza sahani. Alifungiwa vipande vinne vya baklava, ile keki ya tabaka nyembamba yenye karanga na asali, apeleke Nyamira, na akalipa mwenyewe.

Ubao bado umeandikwa "gyros" bila kutaja nyama. Nilimkumbusha meneja, akasema ubao mpya uko kwa mchoraji. Mpaka utakapotundikwa, uliza, na ukiuliza utajibiwa.