Rangi ipi ununue kwa shata za mbao za nyumba ya Ufaransa

Mwaka wa kwanza rangi zote za shata, yaani mabawa ya mbao yanayofunga dirisha kwa nje, hupendeza. Tofauti huonekana zinapochakaa: nyingine hufifia taratibu na kuwa unga, nyingine hubanduka magamba. Iliyo unga unaiosha, unapiga msasa kidogo na kupaka juu yake. Iliyobanduka unaikwangua hadi mbao, na kukwangua ndiko kunakokula siku. Hivyo bei ya kopo haikuongoza mpangilio wa rangi nne zifuatazo. Tumetazama rangi inavyochakaa.

1. Rangi ya maji ya mbao za nje. Tafuta maneno "bois extérieur" na "microporeuse" kwenye kopo. Huacha unyevu utoke ndani ya mbao na hunyumbulika zinapotanuka. Usikubali rangi ya ukuta hata kama muuzaji ana ofa. Kwenye mwaloni, tanini, kemikali asilia ya mbao hizo, hupenya na kuacha madoa ya kahawia, kwa hiyo nunua pia praima (rangi ya msingi) ya "anti-tanins". Rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Piga msasa mpaka mng'ao uishe. Na usifunge shata mapema: hata ikikauka kidoleni, kingo mbili zilizobanana huweza kugandana. Ziache wazi karibu wiki nzima.

2. Rangi ya mafuta ya kitani. Hakuna inayochakaa vizuri kuliko hii, na ikififia unaihuisha kwa kuipangusa mafuta ya kitani. Imekosa namba moja kwa sababu inataka mbao tupu na subira: makoti membamba, kila moja likauke siku moja hadi tatu. Ukipaka nene hukunjamana kama utando wa maziwa. Matambara yaliyoloa mafuta haya huweza kuwaka yenyewe yakirundikwa. Yaloweke majini au yatandaze nje.

3. Rangi ya mafuta ya kawaida, "glycéro". Inafaa pale koti la zamani ni la mafuta na bado limeshika. Ni laini, inateleza vizuri kwenye brashi. Lakini kadiri miaka inavyopita hukakamaa, hupasuka, maji huingia nyuma yake na magamba huanza.

4. "Lasure", rangi nyepesi inayopenyeza mwonekano wa mbao. Kwa shata mpya ambazo unataka nyuzi za mbao zionekane. Upande wa kusini jua huila haraka. Vanishi isiyo na rangi usinunue kabisa: mwanga hupita, huharibu mbao chini yake, nayo hung'oka vipandevipande.

Kuhusu kiasi, dirisha la mita 1.20 kwa 1.35 lenye mabawa mawili lina takriban m² 3.5 ukihesabu nyuso zote na kingo. Madirisha matano ni m² 17.5. Kwa lita moja kwenye m² 10, nunua lita 2 za praima na lita 4 za rangi kwa makoti mawili. Shata za vibao vya mlazo ongeza nusu.

Sasa mahali ambapo kazi nyingi huharibikia: ukingo wa chini. Nyuzi za mbao zilizokatwa pale hunyonya maji kama mirija, na ndipo uozo huanzia, juu kukiwa bado kunang'aa. Nyanyua bawa litoke kwenye bawaba, lilaze mezani, ukingo huo uupe makoti matatu. Vyuma visuguliwe kutu na kupakwa praima ya kutu kwanza, la sivyo alama nyekundu zitashuka juu ya rangi mpya. Bwawa la soda kali (kemikali ya kuchubua), ambamo shata huzamishwa ili rangi ya zamani itoke, ni la kuogopwa: hulegeza gundi ya maungio, na soda isipooshwa vizuri husukuma rangi mpya nje. Rangi iliyokoza upande wa kusini hupata joto sana, na kwa joto hilo shata za msonobari hutoa utomvu kwenye mafundo.

Nyumba iliyojengwa kabla ya 1949 ichukulie kuwa ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye rangi ya zamani mpaka ipimwe. Usipige msasa mkavu. Lowesha, vaa barakoa ya P3 inayochuja vumbi laini, kusanya takataka zote.

Ukibadili rangi, kabla ya kulipia kopo peleka "déclaration préalable" (taarifa ya awali ya kazi) kwenye mairie, ofisi ya meya. Karibu na jengo la kihistoria linalolindwa, Architecte des Bâtiments de France, msanifu majengo wa serikali, naye hutoa kauli, na huenda akakukatalia buluu uliyoipenda.